Ovalodi ikikata wakati wa kuwasha, usikimbilie kuongeza ampea

Rilei ya ovalodi, kifaa kinachokata umeme mota inapozidiwa, ina mambo mawili ya kurekebisha, mkondo na muda, na mafundi wengi hugusa la kwanza tu. Mota ikikatwa kila inapowashwa, bisibisi inaenda moja kwa moja kwenye kitufe cha ampea. Hapo ndipo waindingi, nyaya zilizosukwa ndani ya mota, zinapoanza kuungua.

Chukua mota ya fezi tatu, kilowati 7.5, volti 400. Bamba lake la maelezo litaonyesha takriban ampea 15. Ikiwashwa moja kwa moja huvuta mara sita hadi saba ya hizo, yaani ampea 90 hadi 105, mpaka ishike mwendo. Kupandisha rilei kutoka 15 hadi 18 kunaongeza sekunde kidogo tu za kuwashia, lakini kuanzia hapo mota inaweza kufanya kazi kutwa nzima kwa ampea 17 na rilei isiseme kitu. Ampea zibaki za kwenye bamba. Shughulika na muda.

Kwanza upime. Shika waya wa fezi moja kwa klampu mita, mwenzako awe na saa. Washa mota ikiwa na mzigo wake wa kawaida, uhesabu sekunde tangu mkondo unaporuka juu hadi unapotulia. Pampu ndogo humaliza ndani ya sekunde 2 au 3. Feni yenye gurudumu zito inaweza kufika 15.

Rilei ya joto, ile ya bamba za metali mbili, haina taima ya kuzungusha. Muda wake uko kwenye daraja lililochapishwa ubavuni. Mkondo ukiwa mara 7.2 ya ulioseti na rilei ikiwa baridi, daraja la 10 hukata kati ya sekunde 4 na 10, la 20 kati ya 6 na 20, la 30 kati ya 9 na 30. Kwa hiyo feni ya sekunde 15 haitakaa na daraja la 10 hata uibembeleze vipi. Soma mchoro wa mtengenezaji uchague la 20 au la 30, na uhakikishe kontakta (swichi ya sumaku inayowasha mota), nyaya na fyuzi navyo vinastahimili. Kumbuka pia kwamba rilei iliyokwisha kupata joto hukata mapema zaidi. Ukiwasha na kuzima mara tatu mfululizo, usishangae.

Rilei ya elektroniki ndiyo yenye taima, kwa kawaida mbili. D-TIME ni muda wa kufumba macho wakati wa kuwasha, yaani rilei haijali mkondo mkubwa. O-TIME ni muda wa kusubiri kabla ya kukata mzigo ukizidi mota ikiwa tayari inazunguka. Weka D kwa muda uliopima, ongeza sekunde 2, basi. Ukiipeleka hadi 30 kwa kujihami, siku rota itakapokwama mota itavuta mkondo wa kuwashia sekunde zote 30, na kwenye modeli nyingi O inajumlishwa juu yake. O mimi huanzia 5. Ikiwa sekunde 1, kila mshtuko mdogo wa mzigo unazima mashine.

Kitufe cha LOAD cha rilei hiyo ya elektroniki, yaani cha ampea, kiweke kwenye ampea za bamba, halafu mota ikiwa na mzigo kamili kishushe taratibu mpaka taa ianze kumweta. Hapo umeukuta mkondo halisi. Pandisha upesi, kwa sababu taa ikimweta O imeshaanza kuhesabu. Acha asilimia 10 hivi juu ya mkondo huo, bila kuvuka bamba.

Kwenye stata ya nyota-delta, inayoanzisha mota kwa muungo wa nyota ili ivute mkondo mdogo kisha kuihamishia delta, angalia rilei imefungwa wapi. Ikiwa ndani ya delta, chini ya kontakta kuu, inaona asilimia 58 tu ya mkondo wa laini: kwa ampea 15 weka 8.7. Ukiiacha kwenye 15, ni sawa na kutokuwa na ovalodi. Taima ya nyota nayo isubiri mota ifike karibu asilimia 80 ya mwendo, mara nyingi sekunde 5 hadi 10. Ikibadili mapema, mkondo unaruka karibu kama wa kuwasha moja kwa moja. Ikichelewa, mota inabeba mzigo kwa theluthi moja ya nguvu yake ya kuzungusha, na inachemka.

Riseti iwe ya mkono, hasa pale swichi ya kuwashia inapobaki imefungwa yenyewe, kama ya pampu ya tangi. Ikiwa ya otomatiki, bamba zikipoa mota inawaka tena huku mtu ameshaingiza mkono.

Mwisho bonyeza kitufe cha TEST mota ikiwa inazunguka. Kontakta isipoachia, mara nyingi 95 na 96, zile tamino za rilei za kukatia, hazimo kwenye waya wa koili ya kontakta, na hayo yote uliyoseti hayana kazi mpaka uziingize.