Je, wajua benki inaweza kufa kwa kununua kitu salama?

Benki ikianguka watu husema kuna mtu kala hela, au walikopesha wasiolipa. Silicon Valley Bank ya California ilifungwa tarehe 10 Machi 2023 na shida kubwa haikuwa hiyo, hela za wateja ziliwekwa kwenye hatifungani (karatasi za mkopo: unakopesha, unalipwa riba, muda ukiisha unarudishiwa hela yako), nyingi zina mkono wa serikali ya Marekani, yaani kulipwa ni uhakika. Sasa ikawaje?

Tupige hesabu kidogo. Mwaka 2021 riba ya Benki Kuu ya Marekani ilikuwa karibu na sifuri. Chukulia unayo hatifungani ya dola 1,000, miaka 10, inakupa asilimia 1.5, yaani dola 15 kwa mwaka. Mwaka 2022 bei za vitu zikapaa, Benki Kuu ikaanza kupandisha riba mwezi Machi na haikupoa, hadi Februari 2023 ilikuwa imevuka asilimia 4.5. Hatifungani mpya za miaka 10 sasa zinatoa kama asilimia 4, dola 40 kwa mwaka, we peleka ile yako ya dola 15 sokoni uone nani atakupa 1,000! Utapewa kama 800 hivi. Ukiishikilia mpaka iive, yaani muda wake uishe, unalipwa yote, ila ukibanwa ukauza leo, umeumia.

Na benki ilibanwa. Wateja wake wengi ni kampuni changa za teknolojia, riba ilivyopanda wawekezaji wakakaza mkono, kampuni zikawa zinachomoa akiba kuendesha shughuli. Benki ikauza hatifungani za dola bilioni 21 kwa hasara ya bilioni 1.8, ikatangaza tarehe 8 Machi. Kesho yake wateja wakaomba kutoa bilioni 42, siku moja tu, wengi kwa simu na kompyuta. Bima ya amana kule inaishia dola 250,000 na zaidi ya asilimia 90 ya amana za benki hii hazikuwa na bima, sasa hapo nani angekaa asubiri? Mimi siwalaumu hata kidogo.

Kinachoniuma ni usimamizi. Sheria ya 2018 ilisogeza mstari wa ukaguzi mkali kutoka benki za mali ya dola bilioni 50 mpaka 250, na hii ilikuwa na kama 209. Halafu hatifungani ambazo benki imesema itazishika mpaka ziive zinaandikwa vitabuni kwa bei ya kununulia, kwa hiyo ile 800 bado inasomeka 1,000.

Tarehe 12 Machi serikali ikasema wenye amana wote watalipwa, wenye hisa hapana. Na Benki Kuu ikafungua dirisha la mkopo wa hadi mwaka mmoja kwa mabenki mengine: leta hatifungani yako, hata kama sokoni ni 800, tunakukopesha 1,000.