Je, Wajua? Karimjee Yupi, na Kleist Sykes Yupi?

Mkazi wa Dar es Salaam hutamka majina ya watu kila anapomwelekeza dereva wa bajaji, pasipo kujiuliza wenye majina hayo walikuwa akina nani. Swali hilo ni gumu kuliko linavyodhaniwa, kwa sababu jina moja huweza kubebwa na vizazi vinne vya nyumba moja.

Ukumbi wa Karimjee, ulio jirani na Bustani ya Mimea na Makumbusho ya Taifa, unafahamika leo hasa kwa shughuli za kuaga marehemu mashuhuri. Reginald Mengi aliagwa katika viwanja vyake mwaka 2019, na Edward Lowassa mwaka 2024. Wazee wanaukumbuka kwa jambo jingine, kwani Bunge lilifanyia vikao vyake humo kabla ya kuhamia Dodoma. Ukumbi huo ni zawadi ambayo familia ya Karimjee iliutolea mji katika miaka ya 1950, lakini Karimjee mwenyewe hakuuona, maana alikuwa mfanyabiashara wa Unguja wa karne ya 19.

Jina lake kamili, Karimjee Jivanjee, halikuwa na jina la ukoo kwa maana ya Kizungu. Lilisomeka kama tunavyosoma majina yetu ya pwani: Karimjee mwana wa Jivanjee. Kiishio «jee» ni alama ya heshima katika Kigujarati. Familia hiyo ya Wahindi wa madhehebu ya Kiislamu ya Bohora ilitoka Mandvi, katika eneo la Kutch, na ilianza biashara Unguja mwaka 1818. Kampuni ilipokua na kuhitaji jina la kudumu kwenye hati na mihuri, jina la mtu mmoja liligandishwa, wajukuu wakalirithi wote kwa pamoja. Mmoja wa warithi hao ni Abdulkarim Yusufali Alibhai Karimjee, aliyekuwa Meya wa Dar es Salaam na kisha Spika wa Bunge wakati Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961. Jina lake ni nasaba nzima: baba yake Yusufali, babu yake Alibhai, na juu yao Karimjee. Spika huyo aliongoza vikao ndani ya jengo lenye jina la baba wa babu yake, jambo ambalo sidhani limewapata maspika wengi duniani.

Ni vyema pia kutahadhari, kwa kuwa kufanana kwa majina si undugu. Bustani ya Jeevanjee iliyoko Nairobi ni ya kumbukumbu ya Alibhai Mulla Jeevanjee, Bohora kutoka Karachi, ambaye hakuwa wa familia hii.

Kutoka Ukumbi wa Karimjee hadi Gerezani si mbali, na huko kuna Mtaa wa Kleist Sykes. Mgeni anayesoma kibao chake angeweza kudhani kwamba ni kumbukumbu ya mkoloni, kwa kuwa Kleist ni jina la Kijerumani na Sykes lina sauti ya Kiingereza. Mwenye jina alikuwa Mwafrika wa asili ya Kizulu. Baba yake, Sykes Mbuwane, aliletwa kutoka Inhambane, Msumbiji, mwaka 1889 akiwa miongoni mwa askari wa kamanda wa Kijerumani Hermann von Wissmann waliokuja kupigana na Abushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani dhidi ya Wajerumani. Mwana alizaliwa Pangani mwaka 1894, na baada ya kufiwa na baba alilelewa na Affande Plantan, Mzulu mwenzake wa jeshi la Wajerumani, ambaye naye alikuwa na mwana aliyeitwa Schneider. Katika nyumba za askari hao, majina ya Kijerumani hayakuwa kioja.

Kama ilivyokuwa kwa Karimjee, jina la baba ndilo lililogeuka kuwa la ukoo, na Mbuwane likaachwa njiani. Kleist alipigana upande wa Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, akafanya kazi katika reli chini ya Waingereza, na mwaka 1929 alikuwa miongoni mwa waasisi wa African Association, chama ambacho baadaye kilizaa TANU. Alifariki mwaka 1949, miaka mitano kabla ya TANU kuundwa tarehe 7 Julai 1954, na hivyo wanawe Abdulwahid na Ally ndio waliokuwa na Julius Nyerere katika hatua hiyo.

Abdulwahid alimpa mwanawe jina la babu, kama ilivyo desturi yetu, na Kleist Sykes huyo wa pili akaja kuwa Meya wa Dar es Salaam. Kijana anayemkumbuka meya huweza kuamini kwamba mtaa ni wake. Mtaa ni wa babu: zamani uliitwa Kipata, na ndiko familia yake ilikoishi.