Ustawi wa mwalimu: maana yake, na namna unavyogusa haki ya mtoto darasani

Ustawi wa mwalimu ni hali ya mwalimu kuwa na afya ya mwili na akili, kuwa salama, kuwa na kipato cha kuendesha maisha, na kubaki na nguvu za kumwangalia mtoto mmoja mmoja anapofundisha. Kujitunza ni sehemu ya ustawi huo: ni yale anayoyafanya mwalimu mwenyewe ili asiishiwe. Usawa wa elimu ni kila mtoto kupata anachohitaji ili ajifunze, hata kama mahitaji ya huyu ni makubwa kuliko ya yule.

Tumezoea kuyasikia mambo haya kila moja kivyake. Ustawi husikika kwenye risala, kujitunza kwenye semina, usawa kwenye sera. Mimi nayaona kuwa ni jambo moja, kwa sababu mwalimu akichakaa watoto hawaumii sawasawa. Anayeumia kwanza ni yule asiye na pengine pa kujifunzia.

Tuingie darasani. Tanzania, kiwango cha serikali kwa shule ya msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Ada na michango ya lazima ilipoondolewa kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, watoto wengi waliokuwa wamebaki nyumbani waliandikishwa kuanzia Januari 2016. Hilo lilikuwa jambo jema kabisa. Lakini walimu hawakuongezeka kwa kasi hiyo, na hadi leo darasa la watoto mia na ushee halimshangazi mtu katika wilaya nyingi.

Chukua mwalimu wa darasa la pili mwenye watoto 120. Ametoa zoezi moja la kuandika. Akitumia dakika moja kwa kila daftari, saa mbili zimekwisha, na hilo ni somo moja tu. Bado hesabu, bado andalio la somo, bado wiki yake ya zamu. Hakuna mtu anayeweza kwenda hivyo mwaka mzima, kwa hiyo anapunguza. Anasahihisha madaftari ya madawati ya mbele, mengine anayapigia tiki bila kuyasoma. Anawauliza wanaonyoosha mkono. Mwenyewe hakukusudia kumbagua mtu, lakini tazama waliobaki nje: mtoto aliyekuwa akisikia Kisukuma au Kimaasai peke yake mpaka siku alipoanza shule, mtoto mwenye usikivu hafifu aliyekaa nyuma, mtoto anayefika kipindi cha pili kwa sababu kwao maji yako mbali. Mwenye dada aliyemaliza kidato cha nne atasomeshwa jioni nyumbani. Hao wengine walikuwa na mwalimu huyo tu.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza hali ya kuchakazwa na kazi katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa. Halikuiita ugonjwa. Liliieleza kuwa ni matokeo ya msongo wa kazini uliodumu muda mrefu bila kushughulikiwa, na likataja dalili tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga kimawazo na kazi au kuichukia, na kuona kwamba unachofanya hakifiki popote. Kwa shule, hiyo ya pili ndiyo ya hatari zaidi. Mwalimu aliyefika hapo haoni tena Neema au Juma, anaona kundi linalomwelemea. Mkono wake unawahi fimbo. Kanuni za Tanzania zinataka adhabu ya viboko itolewe kwa idhini ya mkuu wa shule na iandikwe kwenye kitabu, lakini mwalimu aliyechoka hana subira ya kitabu. Na anayechapwa mara nyingi ni nani? Ni aliyechelewa, aliyekuja bila sare, ambaye hakumaliza kazi ya nyumbani kwa kuwa kwao hakuna taa.

Kipato nacho kinaingia humu humu, ingawa mara nyingi huachwa nje ya mazungumzo ya ustawi kana kwamba afya ya akili haina habari na mshahara. Wapo walimu waliochukua mikopo ya kausha damu, ile ya mitaani yenye riba kubwa, wakaacha kadi ya benki na namba ya siri mkononi mwa mkopeshaji. Mwisho wa mwezi mkopeshaji anatoa chake kwanza, mwalimu anapewa kilichobaki. Mtu wa namna hiyo anafundisha akiwaza jioni itakuwaje. Atauza karanga wakati wa mapumziko, au ataanzisha twisheni. Twisheni hiyo ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu hapo mada iliyopaswa kumalizwa asubuhi darasani inasogezwa hadi saa kumi, kwa wenye pesa ya kulipa. Shule haina ada, lakini somo lenyewe limepata bei.

Kisha kuna suala la nani anabaki wapi. Mwalimu wa kike anapangiwa shule ya kijijini isiyo na nyumba ya mwalimu, zahanati iko mbali, mume yuko mkoa mwingine. Anaomba uhamisho wa kufuata mwenza, au anatafuta mtu wa kubadilishana naye kituo kwenye makundi ya WhatsApp. Simlaumu hata kidogo. Ila shule ile inaweza kubaki na walimu wa kiume watupu, na binti wa darasa la sita aliyepata hedhi akiwa shuleni hana wa kumwambia. Ukiweka nyumba yenye mlango unaofungika na choo cha walimu chenye maji, umefanya kazi ya usawa wa elimu bila kugusa mtaala.

Kaskazini mashariki mwa Kenya suala hili lilikuwa la uhai. Novemba 2014 wanamgambo wa al-Shabaab walilisimamisha basi lililokuwa likitoka Mandera kwenda Nairobi na kuua abiria 28, walimu wakiwa miongoni mwao. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, kaunti ya Garissa, na baadaye Tume ya Huduma za Walimu ikawaondoa walimu wengi wasio wenyeji katika eneo hilo. Tume haikuweza kuwaambia wakae wauawe. Walioachwa ni watoto wa kaunti ambazo tangu zamani zilikuwa nyuma kielimu, na wakaachwa na madarasa yasiyo na mwalimu. Usalama wa mwalimu ulipoporomoka, haki ya mtoto iliporomoka nao siku ile ile.

Sasa kujitunza. Kujitunza si utoro, wala si kufundisha nusu kipindi. Ni kulala usingizi wa kutosha, kwenda hospitali mapema kwa bima ambayo unakatwa kila mwezi, kutojibu ujumbe wa wazazi saa nne usiku, kukubali kwamba si kila zoezi lisahihishwe na mwalimu, na kuwafundisha watoto kusahihishana kwa uangalizi. Ni kumwambia mwenzako, "Darasa limenishinda leo," bila kuogopa kuonekana huwezi kazi. Walimu wa Tanzania wana vikao vya jumuiya ya ujifunzaji chini ya MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Kikao hicho kinaweza kuwa mahali pa kusemea hayo, mkuu wa shule akikubali kisigeuke kuwa cha kukaguliana maandalio.

Lakini kuna mpaka. Kumwambia mwenye watoto 120 avute pumzi na afanye mazoezi, kisha basi, ni kumrudishia mzigo usio wake. Hata ile kauli ya "ualimu ni wito" imetumika mno kuwanyamazisha watu wenye madai ya haki. Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani (ILO) na UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, kuhusu Hadhi ya Walimu la tarehe 5 Oktoba 1966, ambalo ndilo chimbuko la Siku ya Walimu Duniani, lilisema wazi kwamba mazingira ya kazi ya mwalimu yawe yale yanayowezesha ujifunzaji kwenda vizuri na kumwacha mwalimu ashughulike na kazi yake ya ualimu. Huo ni wajibu wa mwajiri.

Kwa hiyo ukitaka kujua kama shule ina ustawi, usiwaulize walimu kama wana furaha. Uliza kila mmoja ana vipindi vingapi kwa wiki na watoto wangapi, analala wapi, anadai malimbikizo ya tangu lini, mara ya mwisho alikwenda likizo mwaka gani, na akiugua kesho nani anashika darasa lake. Kisha chukua madaftari ya waliokaa madawati ya nyuma uangalie lini yalisahihishwa. Na ukaguzi huo uanzie shule ambazo walimu wapya wakipangiwa hawaripoti.