Kinanda kitakatifu, ngoma ya kipagani? Yanayosemwa kuhusu muziki wa ibada na meza ya Bwana

"Kinanda ndicho chombo cha kanisa, ngoma ni ya matambiko."

Dhana hii ni kongwe na bado ina wenyewe. Utamkuta mzee wa kanisa akikataa katakata ngoma isivuke mlango, na pembeni yake kinanda cha umeme kinapiga mdundo wa rumba uliotiwa humo kiwandani. Hashtuki.

Kinanda hakikuzaliwa kanisani. Asili yake ni chombo cha mabomba kilichoendeshwa kwa nguvu ya maji, alichobuni Ktesibios wa Alexandria, Misri, karne ya 3 kabla ya Kristo. Warumi walikipiga kwenye viwanja vya michezo, watu wakitazama wapiganaji wakiuana. Wakristo wa karne za mwanzo waliimba kwa sauti tupu, na Waorthodoksi wengi wa Mashariki wanaimba hivyo mpaka leo. Mwaka 757 mfalme wa Bizanti alimpelekea Pepin, mfalme wa Wafaranki, kinanda cha namna hiyo, na hata hapo ilikuwa zawadi ya ikulu kwa ikulu.

Kisa cha Wapresbiteri ni kitamu zaidi. Wamisionari wa Scotland walifika Kibwezi, Kenya, mwaka 1891, na mwaka 1898 wakahamia Thogoto, Kikuyu. Huko kwao, tangu Matengenezo ya Kanisa, zaburi ziliimbwa bila chombo chochote, mtu mmoja akitangulia na wengine wakimfuata. Mchungaji Robert Lee wa Greyfriars, mjini Edinburgh, alipoingiza kinanda ibadani miaka ya 1860, ulizuka mzozo mkubwa. Kwa hiyo anayetetea kinanda kama mila ya kale ya Wapresbiteri anatetea kitu ambacho misheni ilipoanza Kenya kilikuwa bado kigeni kwa wazee wengi wa Scotland.

Ethiopia nako? Kanisa la Tewahedo, yaani la Kiorthodoksi la huko, limepiga kebero, ngoma kubwa ya ngozi pande mbili, kwa karne nyingi. Waimbaji wake hushika fimbo ndefu na kayamba la chuma, wakiyumba kwa mpangilio katika mapokeo yanayohusishwa na Mtakatifu Yared wa karne ya 6. Hao hawakungoja ruhusa ya mtu.

"Ngoma iliingia kwa Wakatoliki baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa miaka ya 1960."

Nusu kweli. Misa Luba, Misa ya Kilatini inayoimbwa kwa ngoma na mitindo ya Kongo, iliandaliwa Kamina, Katanga, na padre Mbelgiji Guido Haazen pamoja na kwaya yake, na mwaka 1958 ilikuwa tayari ikiimbwa. Hati ya Mtaguso kuhusu liturjia ilitoka tarehe 4 Desemba 1963. Hati hiyo inaagiza muziki wa jadi wa mataifa ya misheni upewe heshima na nafasi yake, na hapo hapo inakisifu sana kinanda cha mabomba. Kila upande hunukuu aya unayoipenda.

"Misa ya Kizaire ni ile ile ya Roma, imeongezwa kucheza tu."

Wanaosema hivi huenda wameona klipu ya dakika mbili. Liturjia hii, iliyoidhinishwa mwaka 1988 kwa majimbo ya Kongo ya Kinshasa, iliyoitwa Zaire wakati huo, imebadilisha mpangilio wenyewe. Mwanzoni waamini huwaita watakatifu pamoja na wahenga waliomtafuta Mungu kwa moyo mnyofu. Injili husikilizwa watu wameketi, kwa kuwa mbele ya mkubwa anayesema unatulia na kukaa. Toba haiko mwanzoni: huja baada ya mahubiri na Nasadiki (kanuni ya imani), ikifuatiwa na amani, kwa maana Neno likishakukosoa ndipo unapojua cha kuungama. Kucheza kupo, kuzunguka altare, lakini si rabsha. Papa Fransisko aliadhimisha Misa hiyo katika Basilika la Mtakatifu Petro tarehe 1 Desemba 2019.

"Nyimbo hutoka Ulaya kuja kwetu."

Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, Mlutheri wa Tanzania, aliandika "Mfurahini, Haleluya", wimbo wa Pasaka. Leo umo katika kitabu cha nyimbo cha Waprotestanti wa Ujerumani, namba 116, na Wajerumani wanauimba kwa lugha yao. Inatosha.

"Siku hizi kila kanisa linaweza kutumia chakula chochote kwenye Ushirika."

Hapana, na hapa sheria ni kali kuliko katika muziki. Kwa Wakatoliki mkate lazima uwe wa ngano tupu na divai itokane na zabibu. Jean-Marc Ela, padre wa Kameruni aliyeishi na wakulima wa kaskazini, aliuliza kwa nini watu wanaolima na kula uwele wamwadhimishe Kristo kwa nafaka wasiyoijua shambani. Kwangu swali lake lina uzito, ila sheria haijabadilika. Waprotestanti wengi wana uhuru zaidi: juisi ya zabibu imetumika badala ya divai tangu Welch, Mmethodisti wa Marekani, alipoitengeneza isichachuke mwaka 1869.

Na usiwe na wasiwasi ikiwa mwili wako haupatani na gluteni, protini iliyomo kwenye ngano. Barua ya Vatikano ya mwaka 2017 inakataa hostia (mikate ya Komunyo) zisizo na gluteni kabisa, lakini inakubali zenye kiasi kidogo. Pia unaweza kupokea kwa umbo la divai pekee. Mwambie paroko kabla ya Misa, si ukiwa kwenye foleni.