Bastola nyepesi ndiyo inayoumiza mkono

Wiki iliyopita alinijia uwanjani mama mmoja mfanyabiashara, leseni yake ingali mpya, na mkobani mwake rivolva (bastola yenye silinda inayozunguka na kubeba risasi) ya risasi tano isiyofika nusu kilo. “Mwalimu, niliambiwa hii ndiyo inayomfaa mwanamke,” akasema. Nikamwuliza ameshaipiga mara ngapi. Mara tatu, akajibu, na ya tatu alifumba macho. Kisha akanigeuzia kiganja. Siku nane zilikuwa zimepita, na bado kwenye nyama ya chini ya gumba palikuwa na alama ya buluu iliyoanza kugeuka manjano.

Nimefundisha kulenga shabaha hapa Nairobi kwa miaka 14, na mikono ya namna hiyo nimeiona mingi mno. Karibu yote ilikuwa ya watu walioshauriwa wanunue bastola ndogo kwa sababu wao wenyewe ni wadogo, au ni wageni wa silaha. Ushauri huo hunikera, maana unampa anayeanza silaha ambayo hata mzoefu huipiga kwa kujikaza.

Tuanze na kule kurudi nyuma kwa bastola, yaani mrudisho. Risasi inaposukumwa mbele, bastola nayo husukumwa nyuma kwa kiasi kilekile. Tofauti inaletwa na uzito wa kile kinachosukumwa. Chukua risasi ya .357 Magnum yenye gramu 10 hivi, itoke mtutuni kwa mwendo wa mita 350 kwa sekunde, na pamoja nayo gramu moja ya baruti inayotoka ikiwa gesi kwa kasi kubwa zaidi. Ukiipiga kwa rivolva ya chuma ya kilo 1.2, silaha itarudi kwa mwendo wa mita 4 hivi kwa sekunde, na kiganja kitapokea nishati ya jouli 10 hivi. Ipige risasi hiyohiyo kwa rivolva ya gramu 400. Sasa inarudi kwa mita 12 kwa sekunde, na kiganja kinapokea karibu jouli 29. Bastola ya kawaida ya milimita 9, iliyojaa risasi, hukupa jouli 6 hivi. Haya ni makadirio yangu ya karatasini, lakini mkono wako utayathibitisha.

Ndiyo maana nasema bastola nzito hukupiga kumbo, nyepesi hukuzaba kofi. Kumbo unaweza kulipokea kwa kusimama vizuri. Kofi limeshafika kabla hujajua.

Risasi ya .357 Magnum ilipotolewa mwaka 1935, Smith & Wesson waliitengenezea rivolva kubwa ya chuma iliyozidi kilo moja, na waliopanga hivyo walijua walifanyalo. Baadaye zikaja aloi za alumini na skandiamu, zikaja silinda za titani, na kampuni hiyohiyo ikaweza kuipigisha risasi ileile kwa rivolva kama 340PD, yenye gramu 330 hivi ikiwa tupu. Kwa ufundi ni kazi ya kustaajabisha. Kwa mfukoni ni raha tupu, unaweza kusahau kuwa umeibeba. Lakini uzito ule uliopunguzwa ndio uliokuwa ukikukinga, na sasa mkono wako unachukua nafasi yake.

Mrudisho wa rivolva nyepesi kupindukia una hatari nyingine ambayo wauzaji hawaitaji. Kila unapopiga, silaha na maganda yaliyomo hurushwa nyuma kwa ghafla, huku vichwa vya risasi ambazo hazijapigwa vikitaka kubaki palepale vilipo. Kichwa kikichomoka kiasi cha kutokeza mbele ya silinda, silinda haizunguki tena, na hilo huwezi kulirekebisha kwa kuvuta triga mara ya pili. Ili kujua mapema, mimi hujaza risasi tano, nikapiga nne, nikaitoa ya tano na kuipima urefu wake. Ikiwa imerefuka, risasi za aina hiyo sizirudishi kwenye silaha ile.

Majitu kama S&W Model 500 ya mwaka 2003, rivolva ya kilo mbili, huumiza pia. Gesi inayofyatuka kati ya silinda na mtutu ina nguvu ya kutosha kuchana gumba lililosogezwa mbele. Sizizungumzii sana kwa sababu kila anayeishika anaona mwenyewe kuwa ameshika jitu. Tatizo langu ni silaha zinazoonekana kuwa laini.

Bastola ndogo za magazini, yaani kikasha cha risasi kinachoingia mpinini, zina hadithi yake. Walther PPK, iliyoanza mwaka 1931, ina toleo linalopiga risasi ndogo ya 9 × 17 (yaani kipenyo na urefu wa ganda kwa milimita), na mtu angetarajia iwe pole. Haiko hivyo. Katika bastola nyingi za 9 × 19, mtutu na slaidi (kile chuma cha juu kinachorudi nyuma kila unapopiga) hufungamana kwanza, vikarudi pamoja kidogo, ndipo mtutu ukashuka na kuiachia slaidi. Mpango huo ni wa John Browning, mbunifu wa silaha wa Marekani, na huugawa mrudisho katika hatua. Kwenye PPK mtutu hausogei hata kidogo. Kinachoizuia slaidi isifunguke mapema ni uzito wake na ugumu wa springi tu, basi hurudi kwa kishindo kimoja kikali. Zaidi ya hapo, slaidi hupita chini sana juu ya mkono, na mwenye kiganja kinene huweza kukatwa ngozi iliyo kati ya gumba na kidole cha shahada. Nyundo nayo huuma palepale. Jeshi la Marekani lilikutana na jambo hilo kwenye bastola yake ya M1911, na katika miaka ya 1920 likarefusha mkia wa kinga ulio nyuma ya mpini ili nyundo isiwabane tena askari.

Mrudisho hauhusiki katika kila maumivu. Rivolva ya Nagant ya Urusi ya mwaka 1895 ina risasi ya upole, ila triga yake ni adhabu. Ukiivuta bila kuikoki nyundo kwanza, kidole kinapaswa kuizungusha silinda, kuisukuma mbele izibe gesi, na kuinua nyundo, vyote kwa mvuto mmoja. Baada ya risasi 20 kidole hutetemeka.

Kinachonisumbua zaidi huja baada ya maumivu. Mwili hujifunza haraka. Risasi ya tatu au ya nne, mkono huanza kuusukuma mtutu chini kidogo kabla baruti haijawaka, ukijihami dhidi ya kofi unalolijua linakuja, na jicho hufumba. Mwenyewe hajui, kwa sababu mlipuko huficha kila kitu. Mimi huwaonyesha wanafunzi kwa kuchanganya risasi bandia na za kweli bila wao kujua mpangilio. Ikifika bandia, triga inalia “tik” na mtutu unachovya chini mbele ya macho yao. Mama yule alipoona mtutu wake umeshuka karibu inchi mbili, alinyamaza kwa muda. Kuna watu huona aibu hapo. Hakuna haja, ni mwili unafanya kazi yake, na hofu hiyo hutoka polepole kwa silaha isiyouma.

Kelele nayo huchangia hofu hiyo kuliko watu wanavyodhani. Kishindo cha desibeli 140 tayari ni cha hatari kwa sikio, na rivolva fupi ya .357 huvuka 160, kwa sababu mtutu ni mfupi na gesi hutoka ikiwa bado na shinikizo kubwa. Vizibo vya ndani na vikinga vya nje, vyote kwa pamoja, hupunguza mshtuko hata kabla hujagusa kitu kingine.

Nilimpa mama yule CZ 75, mojawapo ya zile ambazo magazeti yetu huziita “Ceska”. Ni chuma, karibu kilo nzima. Aliipima mkononi akasema ni nzito mno. Akapiga risasi moja, akanitazama, akapiga tisa nyingine bila kuongea. Zote zilikuwa kwenye karatasi, sita zikiwa zimekusanyika mahali penye upana wa kiganja.

Rivolva yake bado anayo. Tumeitoa mipini myembamba ya mbao na kuifunga ya mpira mnene unaofunika chuma cha nyuma, na nimemwekea .38 Special za kawaida, ambazo rivolva ya .357 kama yake huzipiga bila shida. Atapiga tano tu, mwishoni mwa kila mazoezi, na siku mkono ukiuma hatapiga hata moja.