Wageni wawili studioni si nusu kwa nusu

Malindi, wavuvi wakishona nyavu huku redio ikiunguruma, hukosi kumsikia mtu akisema: "Wataalamu wenyewe hawajakubaliana kama binadamu ndiye anayeongeza joto duniani." Wamekubaliana. Kinachopotosha ni mpangilio wa kipindi: mgeni mmoja anaafiki, mwingine anapinga, dakika sawa, na msikilizaji anadhani wanasayansi nao wamegawanyika vivyo hivyo.

Mwaka 2004, watafiti Maxwell na Jules Boykoff walichapisha uchambuzi wa magazeti makubwa ya Marekani ya 1988 hadi 2002. Zaidi ya nusu ya habari walizozipitia zilizipa pande hizo mbili uzito sawa. Ilhali utafiti wa 2013 ulikuta kwamba, kati ya makala za kisayansi zilizoeleza msimamo kuhusu chanzo cha joto hilo, asilimia 97 zilimtaja binadamu. Kugawa dakika sawa kunafaa kwa wagombea wa kiti. Kipimajoto hakipigiwi kura.

Na bahari tunayoizungumzia ni hii yetu. Joto la El Niño la 1998 lilipausha matumbawe ya hifadhi ya Malindi, mengi yakafa, na bahari imezidi kupata joto tangu hapo. Mtangazaji, ukimwalika mpingaji, tafadhali waambie wasikilizaji kwamba wanasayansi wanaokubaliana naye ni wachache kiasi gani.