Usukani wa HiAce ya Zamani Ukicheza, Usikimbilie Kununua Reki

Malalamiko ya madereva wa HiAce na Noah wanaopakia abiria kati ya Mtwara, Tandahimba na Newala hufanana: usukani unacheza, gari linatangatanga barabarani, na ukipita kwenye makorongo kuna kitu kinagonga chini. Jibu la haraka gereji ni "reki imekufa, tafuta nyingine." Mara nyingi reki, kile chuma kinachogeuza matairi usukani ukizungushwa, ni nzima. Kilichochoka ni kiungo kidogo pembeni yake, tena cha bei nafuu zaidi.

Reki ni chuma chenye meno kinachosukumwa kulia na kushoto na pinioni, gia ndogo inayozungushwa na usukani. Kila ncha yake ina reki endi, iliyofichwa ndani ya mpira wenye mikunjo, kisha tairodi endi inayoshika upande wa tairi. Kwa juu kuna yunivesali inayounganisha fito ya usukani na pinioni. Chochote kati ya hivi kikilegea, dereva mkononi atasikia kitu kilekile.

Anza gari likiwa chini, sehemu tambarare, matairi yamenyooka na injini inawaka. Zungusha usukani taratibu mpaka matairi yaanze kuitikia, kisha pima kwa rula ukingo wake umesogea kiasi gani. Vitabu vya ufundi vya Toyota kwa kawaida huweka ukomo wa milimita 30. Mchezo ukizidi hapo, zima injini, weka vizuizi kwenye matairi, mwenzako autikise usukani kidogo kidogo wakati wewe unachungulia chini. Fuata mwendo kutoka yunivesali hadi tairini. Pale ambapo upande mmoja unasogea na wa pili umetulia, ndipo penye ugonjwa.

Sasa inua mbele, na gari likae juu ya stendi imara. Jeki peke yake si ya kuaminiwa, hata kama jirani yako amelala chini ya jeki miaka yote. Shika tairi kwa mbele na kwa nyuma, ulitikise kana kwamba unakata kona, huku mwenzako amebana ule mpira wa mikunjo kwa vidole. Reki endi iliyochoka ataisikia ikigonga humo ndani. Tairi likicheza unapolishika juu na chini, hapo tazama beringi na boli joint, viungo vinavyoshikilia tairi; reki haihusiki. Kisha shika reki endi ya upande wa abiria, mbali na pinioni, uisukume juu na chini. Ikiwa reki yenyewe inapanda na kushuka ndani ya ganda lake, bushi yake, yaani pete inayoishikilia, imekwisha.

Huo mpira usiudharau. Mchanga wa uwanda wa Makonde ni mwembamba, na mpira ukipasuka tu unaingia kwenye grisi na kuigeuza msasa. Masika huleta maji, maji huleta kutu, na kutu juu ya chuma cha reki kinachong'aa huchana sili, ule mpira mwembamba unaozuia oili kuvuja. Ukiubana mpira ukakuta oili imejaa ndani, sili imeshaharibika. Hapo ndipo reki yenyewe inahitaji kufunguliwa au kubadilishwa. Kuufunga mpira uliopasuka kwa kipande cha tyubu ni kuficha tatizo, maana maji yakishaingia hayapati pa kutokea.

Jambo linalonitia hofu zaidi ni fundi anayekaza nati ya kurekebishia reki ili "kuua mchezo." Gari huenda moja kwa moja muda mwingi, kwa hiyo meno ya katikati ndiyo yanayolika. Ukikaza mpaka katikati patulie, meno ya pembeni ambayo bado ni mazima yatabana, na usukani utakataa kurudi wenyewe baada ya kona. Fikiria hilo likikutokea kwenye mteremko wa Newala kuelekea Masasi, gari limejaa abiria.

Ukilazimika kununua reki iliyotumika, usilipe kabla ya kuzungusha pinioni kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Isiwe laini katikati na ngumu pembeni. Vuta mipira nyuma utazame kutu. Ukishaifunga, au hata ukibadilisha reki endi peke yake, peleka gari kwenye alaimenti, yaani kupangwa upya mwelekeo wa matairi, kwani urefu wa tairodi umeshabadilika na matairi mapya yanaweza kuliwa upande mmoja ndani ya muda mfupi.